Kifaa Kimegoma Nyumbani: Namna ya Kukirudisha Dukani na Kudai Pesa Yako

Wasomaji wa Mkolani, Buhongwa na Nyegezi hapa Mwanza mmeniuliza jambo hili mara nyingi, hata maneno hayatofautiani sana: "Nimenunua mjini, nimefika nyumbani hakifanyi kazi, na dukani wanasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nifanyeje?" Mara ni friji isiyogandisha, mara TV yenye mstari kwenye kioo, mara sabufa inayokoroma, mara simu inayozimika chaji ikiwa nusu.

Pesa inaweza kurudi. Lakini mara nyingi mambo yameshaamuliwa kabla hujapanda daladala ya kurudi nyumbani, kwenye ile karatasi uliyopewa na bei iliyoandikwa juu yake. Naanza na aliyekwama tayari, maana ndiye mwenye haraka. Wewe ambaye hujanunua bado, ruka hadi sehemu ya risiti na winga, kisha urudi hapa juu.

Jiulize kwanza: kuna ubovu, au umebadili mawazo?

Madai yote ya aina hii huangukia kwenye mafungu matatu, na usipojua uko fungu gani utabishana bure.

- Kifaa ni kibovu. Hakiwaki, hakigandishi, kinazimika, kinapata moto kupita kiasi. Una haki ya kudai.
- Sicho ulichoambiwa. Uliambiwa ni kipya, kumbe kimetumika. Uliambiwa ni orijino, kumbe kopi. Boksi linasema inchi 43, kioo ni cha 40. Hapa haki yako ina nguvu zaidi, kwa sababu umedanganywa.
- Umebadili mawazo. Rangi haikupendezi, mwenzio amenunua kwa bei ndogo zaidi, umegundua friji haipiti mlangoni. Hapa huna haki, una ombi tu. Nenda kwa upole, kifaa kikiwa hakijatumika na boksi likiwa zima, ukubali kubadilishiwa ukipata bahati hiyo.

Wengi walio fungu la tatu huenda dukani na hasira za fungu la kwanza. Muuzaji huwajua wakiwa bado mlangoni.

Saa za mwanzo ndizo zenye thamani

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haikutajii siku saba wala kumi na nne. Inazungumzia muda unaofaa: ukikaa na kitu bila kumjulisha muuzaji kwamba umekikataa, unahesabiwa kuwa umekikubali. Kwa hiyo siku unayogundua kasoro ndiyo siku ya kumjulisha, hata kama huwezi kwenda mjini hadi Jumamosi. Fanya hivi:

1. Zima kifaa, uchomoe waya ukutani. Usiendelee "kukiangalia angalia" wiki nzima.
2. Piga video fupi inayoonesha kasoro yenyewe, halafu namba ya kifaa iliyobandikwa nyuma au chini.
3. Kijaribu kwenye soketi nyingine, na ikiwezekana kwa jirani. Utaona baadaye kwa nini.
4. Mtumie muuzaji ujumbe wa maandishi. Simu ya mdomo haina ushahidi. Andika tarehe uliyonunua, kifaa, kasoro, na neno hili waziwazi: "nimekikataa, nataka kukirudisha."
5. Kusanya kila kitu: boksi, maboya, rimoti, waya, kitabu, kadi ya waranti.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mnunuzi mwenye haki ya kukataa bidhaa halazimiki na sheria kuibeba kuirudisha dukani. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Kwa pasi au redio hili halina maana kubwa, beba tu uende. Kwa friji kubwa iliyofika kwako kwa kirikuu, ikapandishwa kwenye mawe hadi nyumba ya juu, lina maana sana. Mwambie muuzaji amtume fundi wake aje Mkolani aione kabla hujalipia usafiri mara ya pili. Akikataa kumtuma, kukataa kwake kutabaki kwenye simu yako kwa maandishi.

Makosa yanayoua dai mapema:

- Kumpelekea fundi wa mtaani kwanza. Nia ni njema, lakini akishafungua skrubu na kuvunja stika ya waranti, muuzaji atasema kimeharibiwa na fundi wako, na hutakuwa na cha kumjibu.
- Kuchoma boksi au kuwapa watoto.
- Kuwasha friji mara tu ilipoteremshwa kwenye guta ikiwa imelazwa. Oili ya kompresa huwa imesambaa. Isimamishe, iache itulie kwa saa ambazo kitabu chake kimeelekeza, ndipo uiwashe. Friji kadhaa zinazorudishwa mjini kama mbovu hazikuwa mbovu.

Lile tangazo la "haibadilishwi wala kurudishwa"

Liko ukutani, liko chini ya risiti, wengine wamelipigia muhuri. Kwa mtu aliyebadili mawazo tangazo lile linatosha kumrudisha nyumbani. Kwa aliyeuziwa kibovu, usikubali liwe mwisho wa mazungumzo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kinachouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo kilingane na maelezo yake na kiwe na ubora wa kuuzika. Na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, pamoja na kumpotosha kuhusu waranti na haki alizonazo.

Lakini sheria hiyo ya mauzo inamlinda na muuzaji. Kama ulikikagua kifaa dukani, kasoro ambayo ukaguzi huo ungeionesha huwezi kuja kuidai baadaye. Kioo chenye ufa ulichokitazama ukalipa, hicho umekikubali. Ndiyo maana nasema kila siku: TV iwashwe dukani, mbele yako, kwa rimoti yake, itazamwe ikiwa nyeupe na ikiwa nyeusi, halafu waandike nyuma ya risiti, "Imewashwa dukani, kioo kizima." Ikipasuka ndani ya bajaji uliyoikodi mwenyewe, hiyo ni hasara yako. Duka likikuletea kwa gari lake, usisaini chochote kabla hujalifungua boksi.

Risiti ya bei pungufu, na winga

Hapa ndipo pesa za watu wengi wa Mwanza zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unaingia dukani, TV inauzwa, tuseme, laki sita na nusu. Muuzaji anakwambia, "Nikupe na risiti au bila risiti?" Bila risiti anakupunguzia. Au anakutolea risiti ya EFD, lakini imeandikwa laki mbili. Unaona umepata nafuu, unaondoka. Wiki ijayo TV inazima. Unarudi, na muuzaji yuleyule aliyekuchekea anakwambia, "Kaka, risiti yako inasema laki mbili, nitakurudishia laki mbili." Laki nne na nusu zimeyeyuka, na huwezi kulalamika popote bila kueleza kwamba mlikubaliana kumkwepa mtoza kodi. Mnunuzi asiyedai risiti naye ana kosa kisheria, si muuzaji peke yake.

Kabla hujaiacha kaunta, soma risiti. Mambo manne tu:

- Jina la duka na TIN yake.
- Jumla. Iwe ileile uliyolipa, hadi shilingi ya mwisho.
- Maelezo ya kifaa. "Bidhaa mchanganyiko" haikusaidii. Waandike aina na modeli, na namba ya kifaa iandikwe kwa mkono kama mashine haiitoi.
- Tarehe.

Ukiwa na shaka, skani alama ya mraba iliyo kwenye risiti kwa simu yako. Risiti halali itaonekana kwenye mfumo wa TRA. Kisha ipige picha palepale, kwa sababu karatasi ya EFD hufifia ikikaa kwenye joto, na miezi mitatu baadaye utabaki na kipande cheupe.

Ukinunua kwa machinga wa Makoroboi asiye na mashine, omba risiti ya kuandikwa kwa mkono yenye jina, namba ya simu na sahihi. Hatakataa ukimwomba kabla hujatoa pesa. Ukishatoa, anaweza kusahau kalamu yake ilipo.

Sasa winga. Huyu ni yule kijana anayekupokea barabarani, "Karibu mama, unatafuta nini, friji? Twende nikuoneshe," akakuingiza duka si lake. Wapo mawinga waaminifu, nami sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Ila yeye anaishi kwa cha juu: duka linauza kwa laki nne, anakuuzia kwa laki nne na nusu, hamsini ni yake. Kifaa kikigoma, mwenye duka atakurudishia alichopokea, na winga hayupo. Kwa hiyo ukiingia na winga:

- Lipa kwa Lipa Namba ya duka, si kwa namba ya simu ya winga. Ujumbe wa malipo utaonesha jina la duka, na ndiyo risiti yako ya pili.
- Muulize mwenye duka mwenyewe, kwa sauti, "Waranti ni muda gani, na nikirudi namwona nani?"
- Jina lililo kwenye risiti liwe la duka ulilosimama ndani yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiwa mjini, daftari lako ni risiti.

Siku ya kwenda kaunta

Nenda asubuhi, siku ya kazi. Jumamosi mchana duka limejaa, na muuzaji hawezi kukubali kosa mbele ya wateja kumi. Nenda na mtu mmoja mtulivu, usiende na ukoo mzima. Usimwage maneno kwa kijana wa kaunta. Muombe akuitie mwenye duka au msimamizi, kwa sababu kijana hana ruhusa ya kufungua droo.

Salimia kwanza. Kama ni mtu mzima, shikamoo yake mpe, haikupunguzii haki. Kisha sema kwa mpangilio:

"Kaka, Jumatatu nilinunua friji hii hapa, risiti hii. Nilifika nyumbani nikaiacha itulie, nikaiwasha, hadi leo haigandishi. Nilikutumia ujumbe Jumanne na video. Nimeirudisha, naomba pesa yangu."

Angalia: unataja unachotaka mwishoni, kwa neno moja. Ukianza na "naomba mnisaidie," utasaidiwa kwa namna wanayoitaka wao. Ukitaka pesa, sema pesa. Ukiridhika na kubadilishiwa, sema hivyo. Amua kabla hujatoka nyumbani.

Mara nyingi watakupa matengenezo. Ushauri wangu: kifaa kilichogoma ndani ya siku chache za mwanzo, dai kipya au pesa. Kilichogoma baada ya miezi kikiwa ndani ya waranti, kubali kitengenezwe mara moja, kwa tarehe iliyoandikwa. Ukikubali mara ya pili na ya tatu, waranti itaisha kifaa kikiwa kwa fundi.

Usikiache kifaa dukani bila karatasi. Hata kipande cha daftari kinatosha, kikiwa na:

- tarehe, aina, modeli na namba ya kifaa;
- vilivyoambatana nacho: rimoti, waya, boksi;
- kasoro uliyoitaja;
- tarehe ya kukirudia;
- jina la aliyepokea, sahihi, na muhuri wa duka.

Pesa ikitoka, ihesabu palepale. Ikitumwa kwa simu, sema mapema kwamba ije pamoja na ya kutolea, vinginevyo utapungukiwa kwa ubovu usio wako. Risiti halisi usiikabidhi kabla pesa haijafika mkononi. Wakihitaji kuibakiza, baki na picha.

Watakachosema, na cha kujibu

"Umeme wa kwenu ndio umeunguza." Huenda ni kweli. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu unaua vifaa, na msimu wa radi kanda hii tunaujua. Ndiyo maana nilikwambia ukijaribu kifaa kwa jirani, na ndiyo maana friji na TV zikae kwenye kifaa cha kulinda umeme. Mjibu: "Vifaa vingine vyote nyumbani vinafanya kazi, na hiki kilikuwa hivi tangu siku ya kwanza. Fundi wako akifungue mbele yangu." Kifaa kilichoungua huonekana, na hata harufu yake fundi anaijua. Kama kweli ni umeme, dai lako si la dukani tena, lipeleke TANESCO.

"Risiti ya EFD ikishatoka pesa hairudi." Hili wanalipenda, na si kweli. Sheria ya kodi ina utaratibu wa muuzaji kurekebisha mauzo ya bidhaa iliyorudishwa. Hesabu zake na TRA ni zake.

"Nenda kwa wakala wa kampuni." Wakala anaweza kuwa na fundi mzuri, na kwa waranti ndefu ndiye anayefaa. Lakini aliyepokea pesa yako ni huyu aliye mbele yako. Mnunuzi hudai kwa aliyemuuzia.

"Huna boksi." Boksi linasaidia, lakini kukosekana kwake hakukigeuzi kibovu kuwa kizima. Kubali kujadili, usikubali kufukuzwa.

"Sina pesa leo, bosi amesafiri." Basi aandike: kiasi gani, lini. Akiandika, sasa una deni lililokiriwa, na hilo ni rahisi kulidai kuliko ubovu wa friji.

Simu zina mambo yake

Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#, ulinganishe namba ya IMEI inayotokea na ile ya kwenye boksi na kwenye risiti. Kisha itume namba hiyo kwenda 15090, ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoishika, irudishe kaunta hapohapo. Wengi mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia. Waliokuwa hawana risiti walikosa hata pa kuanzia.

Ukirudisha simu, video ya kasoro iwe ya kwanza. Halafu hamisha picha na namba zako, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako, ndipo uifute. Ukiiacha na akaunti ndani, duka halitaweza kuifungua na utapoteza wiki nyingine.

Simu ya mkopo ni habari nyingine kabisa. Kuirudisha dukani hakusimamishi marejesho. Mjulishe mkopeshaji kwa maandishi siku hiyohiyo, na endelea kulipa hadi akujibu kwa maandishi pia. Ukiacha kulipa, simu itafungwa na wewe utaonekana mdaiwa sugu.

Umeagiza Dar, umepokea Nyegezi

Mzigo umekuja kwa basi kutoka Kariakoo, umeulipia kabla, na muuzaji unamjua kwa picha za Instagram tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe na kueleza bidhaa, bei na masharti yake. Asiyetaja hata mtaa wa duka lake, usimtumie pesa. Mzigo ukifika stendi ya Nyegezi, anza kurekodi kabla hujakata gundi: boksi likiwa limefungwa, lebo ya basi, kisha kufungua bila kukatisha video. Na usijidanganye kwamba mtandao wa simu utakurudishia muamala kwa sababu kitu ni kibovu. Huduma ile ni ya aliyekosea namba, haikuwekwa kwa ajili ya ugomvi wa biashara.

Wakigoma kabisa

Usipige kelele, na usimtukane muuzaji mtandaoni. Utakuwa umempa yeye sababu ya kukushtaki. Andika barua ya ukurasa mmoja:

"Tarehe ... nilinunua kwenu ... yenye namba ... kwa shilingi ... (nakala ya risiti imeambatishwa). Kifaa kina kasoro hii: ... Niliwajulisha tarehe ... Nadai nirudishiwe shilingi ... ndani ya siku saba tangu mpokee barua hii. Isipofanyika, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani na mahakamani."

Peleka nakala mbili, moja isainiwe na aliyepokea ubaki nayo. Wakikataa kusaini, ipige picha na uitume kwa simu. Wafanyabiashara wengi hulegea hapa, kwa sababu sasa wanajua kwamba unaandika.

Zisipopatikana pesa, milango ni hii:

- Tume ya Ushindani, FCC, kwa bidhaa bandia na kwa kudanganywa kuhusu bidhaa, waranti au haki zako. Ndiyo inayosimamia pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, ile ya kupambana na feki.
- Shirika la Viwango, TBS, lenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, kwa kifaa cha hatari: kinachopiga shoti, kinachoyeyusha soketi, chaja inayowaka. TBS haitakurudishia pesa yako, lakini inaweza kuondoa bidhaa hiyo sokoni.
- Mahakama ya Mwanzo, kwa dai la pesa yenyewe. Huhitaji wakili, unahitaji risiti, barua, video na shahidi aliyekuwepo.

Polisi ni kwa utapeli, yaani duka hewa au mtu aliyepokea pesa akazima simu. Kwa friji isiyogandisha watakwambia ni madai, na watakuwa sahihi.

Pasi ya elfu ishirini je? Nauli ya kwenda na kurudi mjini mara tatu, na siku tatu za kazi, zinaweza kuzidi bei yake. Hiyo irudishe mara moja, omba wakubadilishie, wakikataa achana nayo na usinunue pale tena. Ila ikiwa imekupiga shoti, hata kama ni ya elfu kumi, itolee taarifa TBS, kwa sababu zipo nyingine kama hiyo kwenye rafu na atakayeinunua kesho anaweza kuwa na mtoto mdogo nyumbani.